Sifa Ambazo Sikuziimba

Dawa ya kwanza ya uimbaji niliyopewa maishani ilitoka mdomoni mwa mtu mwingine. Mzee aliyenifundisha zeze, manju wa ngoma ambaye wakati huo meno yake yalishaanza kumkimbia, aliutafuna mzizi mpaka ukawa uji, akaniambia nifumbue mdomo, akanitemea ndani. Ulikuwa wa moto. Ulikuwa na ugoro pia, kwa sababu hakuona haja ya kuutoa kwanza. Nikameza, maana mwanafunzi akiitema dawa ya manju wake ndiyo basi tena, na mimi nilitaka kuimba kuliko nilivyotaka kuwa msafi. Nikaenda nyuma ya zizi nikatapika karibu kila kitu. Mzee hakuniona, na mpaka anakufa aliwaambia watu kwamba sauti yangu ni kazi ya mzizi ule.

Nasimulia hili kwa sababu watangazaji wa redio wakinihoji hutaka niseme muziki ulinijia ndotoni, au kisimani, au popote panapopendeza. Ulinijia na ugoro. Nami ni mtu wa kinyaa tangu mtoto. Mama mdogo, aliyenilea baada ya mama yangu kufariki, alizoea kusema nilizaliwa nimekunja pua. Siwezi kunywea kikombe alichonywea mwenzangu. Na bado, katika kazi zote za dunia, nikachagua hii ya kunywa maji kata moja na wacheza ngoma wenye vidonda vya midomo, na kubandikwa noti kwenye paji la uso na walevi ambao huilamba kwanza ili igande vizuri.

Mama mdogo anaishi kijijini, upande wa Geita, mwendo wa bodaboda kutoka Rwamgasa. Alikuwa na mtoto mmoja tu wa kumzaa, wa kiume, mdogo wangu. Kikombe chake peke yake ndicho nilichoweza kunywea bila kukipangusa. Alikuwa mcheshi, mvivu wa kuoga, na akinikera alikuwa ananilamba mkono makusudi halafu anakimbia.

Zeze kwetu lilikuwa chombo cha wanaume. Wajomba walipogundua kwamba naenda kwa mzee kujifunza, walikuja nyumbani kulivunja lile zeze la kwanza, la kibuyu kidogo na uzi mmoja. Mama mdogo akasimama mlangoni na mwiko wa ugali mkononi, akawaambia kwamba wakitaka kulivunja waanze na kichwa chake. Waliondoka wakisonya. Yote niliyoyafanya baadaye, vyombo vyote nilivyokuja kuvipiga, yamepitia mlango ule.

Na nilivipiga vingi. Baada ya zeze nikashika ndono, ule upinde wenye kibuyu unachoegemeza kifuani mpaka ngozi inaota sugu. Nikapiga manyanga, filimbi, njuga za miguuni. Nikapiga kinanda cha kwaya ambacho panya walikuwa wamezalia ndani, na kila nikibonyeza funguo za chini kilikohoa harufu ya mkojo. Kwaya ikaniondoa kwa sababu nilikuwa nageuza nyimbo zao kuwa za kulimia. Nikahamia Shinyanga mjini, nikapanga chumba Kambarage, na huko ndiko nilikokutana na prodyuza.

Sitamtaja jina, hastahili. Studio yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya saluni. Kuta zote alizibandika trei za mayai ili sauti isitoke nje, na trei zenyewe hakuzisafisha, zilikuwa bado na ute uliokauka na vipande vya maganda. Wakati wa joto chumba kilinuka kuku mwenyewe. Yeye alikula chipsi na paja la kuku huku anafanya kazi, na vidole vikishalowa mafuta alivifuta kwenye suruali, au alisahau kuvifuta, akarudi kubonyeza kompyuta. Herufi zote zilikuwa zinang'aa. Nilikuwa naingia na kitambaa changu cha kukalia.

Lakini alikuwa na masikio, hilo sitamnyima. Yeye ndiye aliyeelewa kwamba zeze halihitaji kupambwa, linahitaji tu biti inayoacha nafasi. Tulirekodi njuga zangu tukaziweka mahali pa ngoma. Tulirekodi majembe ya kina mama wakilima mpunga, tukayakata, tukayafanya yapige pamoja. Juu yake nikaimba kama nilivyofundishwa, kwa Kisukuma, sauti ya puani ambayo watangazaji wa mjini walikuwa wanaidharau. Watu wakaipenda. Harusini, kwenye magulio, kwenye maduka ya simu, ikawa inapigwa ile ngoma ya umeme ya yule mama wa zeze. Nilikwenda Mwanza, nilikwenda Dar, na safari moja nilipandishwa ndege nikapige mbele ya Wazungu waliovua viatu na kukaa sakafuni, wamefumba macho, huku soksi zao zikinuka mpaka jukwaani. Walilia wakati naimba wimbo wa kufukuza ndege shambani. Sikuwaambia.

Kazi tuliyojivunia kuliko zote ilikuwa kinanda cha sauti yangu. Prodyuza alinikalisha siku kadhaa nikaimba silabi moja moja kama mtoto wa chekechea, ba be bi bo bu, ka ke ki ko ku, kwa kila noti ya zeze, juu na chini. Akaziingiza kwenye kompyuta. Baada ya hapo ukibonyeza ufunguo mmoja, ninaimba. Ukibonyeza tano, tunaimba watano, wote mimi. Tulikitumia kutengeneza viitikio. Mara ya kwanza kusikia kundi zima la mimi likiitikia, mwili ulinisisimka, na sikujua bado kama ni kwa furaha au kwa kitu kingine.

Hapa nieleze jambo ambalo mgeni hawezi kulijua. Nyimbo zetu zina majina ya watu ndani yake. Manju hutaja waliomkaribisha, waliomvusha, waliomlisha, na jina halitajwi ovyo. Akikutaja, kila anayesikia anajua manju huyu amekula kwako, na lawama zako zikija zitamfikia na yeye. Zamani walitajwa wenye ng'ombe na wakulima hodari. Sasa kuna wenye maduara, yaani wenye yale mashimo ya dhahabu, na hao wana njaa ya kusifiwa kuliko binadamu wengine wote niliowaona. Wanakuja na wapambe wao, miwani myeusi, manukato ya kuumiza kichwa, wanataka jina lao liimbwe na la mama yao na la gari lao. Wengi nimewakatalia. Nilimtaja niliyekula kwake tu, na ninakula kwa watu wachache, sababu nimeshaisema.

Mdogo wangu alikuwa akinicheka kwa hilo. Yeye alikuwa mchimbaji, na aliniambia siku moja nitakufa maskini na pua yangu ikiwa juu.

Alikufa yeye. Duara lilimwangukia, kwenye machimbo mapya mbele ya Rwamgasa, yeye na wenzake wawili. Kila mchimbaji aliyekuja msibani alisema kitu kilekile: kwamba matimba, zile nguzo za kuzuia kuta za shimo, yalikuwa hayajawekwa kule chini, kwamba walimwambia mwenye duara, na kwamba aliwajibu washuke kwanza, miti inakuja. Miti haikuja. Kumfukua kulichukua muda mrefu, na sisi wote tulikaa pembeni ya shimo tukisubiri, kwenye matope na moshi wa mashine za kuvuta maji, watu wanakojoa nyuma ya viroba, mtu mmoja anauza mayai ya kuchemsha. Alikuwa anauza vizuri. Mpaka leo siwezi kuangalia yai la kuchemsha.

Mwenye duara hakuja kuzika. Alituma mchele, kreti za soda na ndugu yake, mtu wa shingo nene, aliyesimama akasema hiyo ni kazi ya Mungu. Waombolezaji walikunywa zile soda. Nami sikuwalaumu, kulikuwa na jua kali, lakini nilipowaona wakifungua chupa kwa meno, moja baada ya nyingine, nikainuka nikaenda kukaa ndani na mama mdogo. Tulilala mkeka mmoja mpaka matanga yakaisha. Hakulia sana. Alikuwa amenishika kidole gumba, basi, hakukiachia.

Nikarudi Shinyanga kwa sababu nilikuwa na kazi. Muda si mrefu, niko kwa mama ntilie pale Kambarage, nina ugali na sato mbele yangu, kijana wa bodaboda akaegesha pikipiki yake yenye spika chini ya kiti. Wimbo ukawa unapiga. Ilikuwa biti yetu, njuga zangu, zeze langu. Halafu nikaanza kuimba, mle ndani ya spika. Nilikuwa namsifu mwenye lile duara. Nilimtaja jina lake na la baba yake. Nilimwita mlinzi wa watoto wa watu. Niliimba kwamba nguzo zake haziyumbi na kwamba anayeshuka kwake anarudi kwa mkewe.

Kipande cha samaki kilikuwa mdomoni. Nilikitoa na vidole nikakiweka pembeni ya sahani, kitu ambacho nikimwona mtu mwingine akikifanya naondoka mezani. Mama ntilie akaniuliza kama sato hakuiva. Kijana wa bodaboda akanitambua, akanyanyua dole gumba, akaniambia mama umetisha, wimbo mkali. Nilimuuliza ameupata wapi. Akasema uko kwenye memori kadi za watu wote, Geita nzima.

Nilikwenda studio kwa miguu na mikono sijanawa. Prodyuza alikuwa palepale, na paja lake la kuku. Hakukataa, hata kuona haya hakuona. Alinieleza kwa upole, kama mtu anayefundisha, kwamba yule bosi alikuwa anasemwa vibaya baada ya ajali, akahitaji kusafishwa kidogo, na mimi nilikuwa msibani, hakutaka kunisumbua. Kinanda kilikuwepo. Alikaa nacho akanishona silabi kwa silabi. Alisema ilimpa kazi kweli, kuzipanga zisigongane, na akaniangalia kama anayengoja nimsifie.

Nikamwambia kwamba mmoja wa waliokufa mle ni mdogo wangu. Hakujua. Akaacha kutafuna. Kwa muda nilidhani nitaona binadamu. Akalamba vidole, akavuta kiti karibu na kompyuta, akasema, "Pole sana, dada. Tunaweza kumuweka na marehemu humohumo, ubeti wa mwisho. Hiyo bure, ni rambirambi yangu."

Nilimwambia afute kila kitu, na akafuta mbele yangu huku akinung'unika, kinanda chote, silabi zote nilizoimba siku zile. Haikusaidia kitu. Wimbo ulishatoka. Mwenye simu anampa mwenye simu, harusi inaupeleka kwenye gulio, na hakuna mlango wa kusimama na mwiko ukauzuia. Nilirudi nyumbani nikaoga mara mbili, na nilipokuwa nasugua mwili nikasikia jirani upande wa pili wa ukuta anaupiga.

Nilichokiogopa ni kimoja. Mama mdogo alikuwa ndiye mtu pekee aliyebaki wa kuniita mwanangu. Akiusikia wimbo ule angejua kama kila mtu anavyojua: manju amemtaja fulani, kwa hiyo manju amekula kwa fulani. Na angehesabu kwamba nimekula wakati udongo wa kaburi haujakauka. Nikiondolewa kwake sikuwa na pa kwenda.

Nilipanda basi la Geita asubuhi. Njiani nilivaa spika za masikioni nikausikiliza tena na tena, nimefumba macho. Nilikuwa natafuta kosa. Nilitaka niende na kitu cha kumwonyesha. Na karibu na kuingia Geita nikakipata: sauti ile haikuwa inapumua. Sifa ndefu, jina, sifa, jina la baba, sifa tena, bila kuvuta hewa hata mahali pamoja. Hakuna mtu anayeweza kuimba hivyo. Mimi kila sifa nikiiimba unasikia navuta pumzi, wengine hata hunicheka navuta kwa nguvu mno. Prodyuza alirekodi silabi, hakurekodi pumzi zangu. Nilifurahi sana, hata nikamwonyesha tabasamu abiria wa pembeni aliyekuwa anakula muwa na kutema makapi miguuni mwangu.

Nilimkuta mama mdogo uani amekaa kwenye kigoda, anakata viazi vitamu vya kuanika michembe. Nikamwambia shikamoo mayu, kama tunavyomwita mama kwetu. Akaitikia marahaba bila kuinua macho. Wanawake wawili waliokuwa wanamsaidia wakasimama, wakachukua karai lao, wakaondoka, hawakuniaga. Kwa hiyo nikajua wameshausikia. Inawezekana walishausikia kabla yangu.

Sikungoja kukaribishwa. Nikakaa chini, nikaeleza yote: studio, silabi, kinanda, kuku, kila kitu. Nilisema haraka, na nikisikia nilivyokuwa nasema nilijichukia, maana nilikuwa naongea kama yule ndugu wa mwenye duara, wa shingo nene. Mama mdogo aliendelea kukata. Mambo ya kompyuta hayamhusu, hilo nililiona. Nikatoa simu nikaupiga wimbo, pale uani, hatua chache kutoka kaburini.

"Mama, sikiliza vizuri," nikasema. "Huyu anayeimba hapumui. Tangu mwanzo mpaka mwisho hana pumzi. Mimi napumua, unanijua. Huyu siye mimi."

Alisikiliza. Kisu kilisimama. Sifa zilipokwisha akanionyesha kwa kidole nirudie, nikarudia, na mara hii aliinamisha sikio mpaka karibu na simu, uso wake umekunjamana kwa kusikiliza. Nguzo haziyumbi. Anayeshuka anarudi kwa mkewe. Nilikuwa namwangalia midomo, nangoja iseme kwamba kweli, siye wewe.

"Kweli hana pumzi," akasema.

Nikaanza kushukuru. Akaninyamazisha kwa mkono wenye kisu, akafuta utomvu wa kiazi kwenye khanga yake, akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu nimefika.

"Mdogo wako walipomtoa hakuwa na pumzi. Mdomo umejaa udongo, uso haujulikani. Wakaniita, wakaniuliza, mayu, huyu ni wako? Ulitaka niwaambie siye?"

Nilizima simu. Yeye aliingia ndani akatoka na kisu kingine, akakiweka mbele yangu pamoja na fungu la viazi, akasema jua linapita. Nikakata. Utomvu ule unashika, unakuwa mweusi, unaganda kwenye mikunjo ya vidole, na kwa kawaida mimi kila baada ya kiazi kimoja ningekuwa nimeshaomba maji ya kunawa. Tulikata mpaka tukamaliza, tukaanika juu ya mwamba.

Wimbo unapigwa hadi leo. Mwenye duara amefungua shimo jingine, na nasikia anautumia kwenye simu yake, ukimpigia unanisikia kwanza mimi. Nikipita gulioni watu wananisimamisha waniulize kama sauti ile ni yangu. Siwaelezi tena habari za kompyuta wala za pumzi. Kichefuchefu kinanipanda mpaka kooni, nakimeza, nasema ndiyo, ni yangu. Kisha nawatajia jina la mdogo wangu.